Kanda Aliyobaki Nayo Fundi

Siku hiyo tulikuwa watano sebuleni kwangu Kitale, na nitawataja wote ili baadaye mtu asije akasema hakuwepo. Nilikuwepo mimi, kifungua mimba, nimekaa karibu na mlango. Alikuwepo dada yangu anayenifuata, ambaye alikuwa amefunga kibanda chake cha mitumba mapema. Alikuwepo kitinda mimba wetu, mwanamume mzima sasa mwenye mke na mtoto, lakini bado ananiita Mayi, yaani mama, kwa sababu hajapata mtu mwingine wa kumwita hivyo. Alikuwepo mgeni kutoka Nairobi, mwanamke wa makamo mwenye miwani na mikoba miwili mizito. Na alikuwepo mzee fundi kutoka Kiminini, ambaye mimi sikumwalika, na ambaye kwa miaka zaidi ya thelathini nilikuwa nikimwita mwizi.

Chai niliipika kabla hawajafika nikaitia kwenye chupa, nisije nikalazimika kwenda jikoni na kuwaacha wageni peke yao na sanduku.

Sanduku lenyewe ni la bati, lile nililokwenda nalo shule ya bweni nikiwa Kidato cha Kwanza na kurudi nalo Kidato cha Pili kabla muhula haujaisha. Tangu hapo halijabeba daftari langu. Limebeba vitu vya baba yetu, ambaye sisi tulimwita Papa. Nilikuwa nimelifunga kwa kamba ya katani, kwa fundo ambalo ni mimi tu ninayelijua, na kamba hiyo ilikuwa imehama nasi nyumba sita za kupanga bila kufunguliwa.

Mgeni alikuwa amenipigia simu mara nne. Alisema anatafuta picha za video za zamani ambazo watu wa huku walizitengeneza kwa kujaribu-jaribu tu. Si za harusi, si za mikutano. Alisema mzee fundi amemwambia kwamba Papa alizitengeneza, na kwamba kama bado zipo, angependa kuzitazama na kuwaonyesha watu. Mara tatu nilimwambia hakuna kitu. Mara ya nne kitinda mimba alikuwa karibu, akasikia.

“Mayi, kwa nini unamdanganya?”

“Wewe humjui. Mimi pia simjui. Anataka nini kwa kanda za mtu aliyekufa?”

“Mimi sijali anataka nini. Ana mashine ya kuzicheza. Sisi hatuna. Nataka kumwona mwenye hilo jina ninalokuita.”

Hilo ndilo lililonishinda. Mama alikufa kitinda mimba akiwa bado ananyonya. Picha yake tuliyonayo ni moja, ile ya kitambulisho, na ndani yake anaonekana kama mtu anayesubiri kuchapwa. Lakini dada yangu na mimi tulikuwa tumemwambia mdogo wetu tangu utotoni kwamba Mama yumo ndani ya kanda, anatembea na kucheka. Tulimwambia hivyo ili alale.

Papa alikuwa fundi wa redio na televisheni mjini Bungoma, yeye na huyu mzee, wakati huo wote wawili wakiwa vijana. Walikuwa na kibanda kimoja na kamera moja ya kubeba begani, ambayo walikodishwa nayo kwenye harusi, mazishi na tohara za mwezi wa nane. Kazi hiyo kila mtu aliielewa. Ambayo watu hawakuielewa ni ile ya Jumapili baada ya kanisa.

Jumapili Papa alileta kamera nyumbani, akaiunganisha na televisheni yetu ndogo isiyokuwa na rangi, kisha akaielekeza kamera kwenye kioo cha televisheni hiyo hiyo. Ndani ya televisheni ilitokea televisheni, na ndani yake nyingine, na nyingine, mpaka mwisho kabisa pakabaki mwanga mdogo uliokuwa kama unapumua. Akiinamisha kamera kidogo, zile televisheni zote zilianza kujizungusha kama maji yanayoshuka kwenye tundu la beseni. Halafu alichukua sumaku alizozitoa kwenye spika zilizokufa, akazisogeza karibu na kioo, na picha ikazifuata. Mistari ilipinda kama mahindi kwenye upepo. Alituambia televisheni ya rangi haitaki mchezo huo, ingebaki na madoa.

Majirani walisema anaita mizimu. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kuuliza. Mama alimkaribisha chai akamwambia, “Anacheza. Wanaume wengine hunywa.”

Papa aliandika namba kwenye kila kanda, moja hadi saba, na katika daftari lake aliandika alichofanya: sumaku kulia, sumaku mbili, kamera imeinama. Kanda ya saba aliiandikia neno moja tu: familia.

Mama alipokufa aliacha kucheza. Kabla ya mavuno yaliyofuata tukamzika na yeye.

Kwetu, siku ya tatu baada ya mazishi ni siku ya kunyoa. Watu wa mji hukaa uani, nywele za waliofiwa hunyolewa, na mtu yeyote mwenye deni na marehemu husimama na kulisema. Anayemdai aseme, anayedaiwa aseme. Asiyesema siku hiyo asirudi kusema kesho. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita na kichwa kimeshanyolewa, nimekaa nikiwatazama wajomba na baba wadogo kama mtu anayelinda kuku. Ng'ombe nilikuwa nimeshaona anapokwenda. Kamera ilishauzwa kwa ajili ya jeneza. Jana yake nilikuwa nimezunguka nyumba nikikusanya kila kitu cha Papa kilichobaki: kanda kutoka chini ya kitanda, bisibisi kutoka jikoni, daftari, na sumaku nne za spika kutoka dirishani, ambazo nilizifunga kwenye kitambaa chake cha mkononi. Kitu kilichotawanyika siku ya kunyoa hupata mwenyewe mpya. Vyote nilivitia kwenye sanduku langu la shule nikalikalia.

Lakini kanda zilikuwa sita.

Fundi akasimama. Alisema, “Mimi simdai marehemu, na yeye hanidai. Lakini ile kanda ya saba iko kwangu, na nitabaki nayo.” Kisha akaketi, kama mtu aliyesema jambo la kawaida.

Nilisimama mimi, msichana, mbele ya wazee. Nilisema, “Huyu ni mwizi. Anawaibia hata mayatima.” Hakuna aliyenikemea, kwa sababu nilikuwa nimefiwa. Jina hilo likamshika. Mwaka haukuisha, akafunga kibanda Bungoma akahamia Kiminini, na mimi niliposikia nilisema, mwizi hana kwao.

Sisi tulichukuliwa na dada yake Mama, Kitale. Shule yangu iliishia hapo. Nilikoboa mahindi kwenye mashamba ya watu, nikafua nguo, nikauza mboga, na wadogo zangu wakasoma wote mpaka walipotaka wenyewe kuacha. Sisemi hivyo ili nisifiwe. Nasema ili ieleweke kwamba mimi ni mtu wa kushika kitu na kutokiachia. Kila Januari nilifuta vumbi juu ya sanduku, nikaangalia fundo, nikaliacha. Nilifikiri kutunza ni kutogusa.

Basi siku hiyo sebuleni, kwanza nilimwomba mgeni kitambulisho. Akanipa bila kusita, jambo ambalo nalo nililitilia shaka. Kitinda mimba akakipiga picha kwa simu. Halafu nikafungua fundo langu, na kabla mgeni hajashika kanda yoyote, nikatoa rangi ya kucha ya dada yangu, nikatia nukta nyekundu kwenye kila kanda.

“Sasa hiyo ni nini?” dada yangu akauliza.

“Zisibadilishwe.”

“Zibadilishwe na nini? Ati amekuja na zingine ndani ya soksi?”

“Ni sawa, mama,” mgeni akasema. “Hata sisi kazini tunaweka alama.”

Nikamuuliza kazini ni wapi, na kazi yenyewe ni gani hasa. Akasema anafundisha chuoni Nairobi, kisha akaeleza taratibu, huku akitoa mashine yake kwenye mkoba. Alisema zamani, kamera za video zilipoanza kuwa ndogo kiasi cha mtu mmoja kuzibeba, kulikuwa na watu ng'ambo walioanza kufanya mambo ambayo hakuna aliyewatuma. Walielekeza kamera kwenye kioo chake yenyewe. Waliweka sumaku juu ya televisheni. Wengine walichekwa, wengine waliambiwa wanaharibu vyombo. Leo picha hizo zimewekwa kwenye majumba makubwa na watu wanalipa kuingia.

“Hao walikuwa na majumba,” mgeni akasema. “Mimi nataka kujua nani alikuwa akifanya hivyo huku kwetu, bila kuambiwa na mtu. Wanafunzi wangu wanafikiri hii kitu ilianzia kwa simu zao.”

“Na Papa alisoma wapi habari za hao wa ng'ambo?” dada yangu akauliza.

“Hakusoma popote,” mzee fundi akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aingie. “Kamera ilianguka mezani ikaangalia TV. Tukaona. Basi.”

Nilikuwa nikimtazama mgeni, kwa sababu mkono wake ulikuwa umesimama ndani ya sanduku. Alikuwa ameshika kitambaa cha Papa kilichokuwa juu ya kanda, akakipima uzito.

“Hizi zimekaa hapa juu muda gani?”

“Tangu siku ya kunyoa. Sijagusa kitu.”

Akamtazama mzee fundi. Mzee akatazama sakafu. Nikasema moyoni, haya, wamekwisha kupeana ishara.

Televisheni yangu ni ile bapa. Mgeni akachomeka waya zake tatu, nyekundu, nyeupe na ya njano, akaingiza kanda ya kwanza. Ukatokea mwanga, kama mlango uliofunguliwa kidogo. Kisha chengachenga. Tukasubiri. Chengachenga tu, na sauti ya mvua juu ya mabati. Kanda ya pili hata mlango haukufunguka. Ya tatu ilitoa mistari iliyopinda, labda kwa muda wa kumeza mate mara mbili, ikapotea. Ya nne, hakuna. Ya tano, hakuna.

Ya sita ikaonyesha bega. Bega la mwanamke katika gauni la maua, likipita. Dada yangu akashika mdomo. Kisha chengachenga.

“Rudisha,” kitinda mimba akasema.

Mgeni akarudisha. Bega likapita, likapotea mahali palepale.

“Rudisha tena.”

Akarudisha mara nne. Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti mbele ya televisheni, uso wake karibu na kioo, kama mtu anayejaribu kuchungulia nyuma ya hiyo mvua. Mara ya tano hakusema rudisha.

Mimi niliinuka, nikafunga mlango, nikazungusha ufunguo nikautia mfukoni.

“Hakuna anayetoka. Hizi kanda zilikuwa nzima mpaka zilipoingia kwa mashine yako.”

“Mama, mashine haifuti. Inasoma tu.”

“Miaka thelathini nimezitunza. Zimeingia kwako dakika moja, zimekuwa tupu. Na huyu uliyekuja naye ndiye aliyezoea. Si aliiba moja? Amekufundisha kuchukua zilizobaki.”

“Mukhana, keti,” mzee fundi akasema. Hilo ni neno la kwetu la kumwita binti.

“Usiniambie keti. Ya saba iko wapi?”

Mzee alimgeukia dada yangu akamwomba sindano na uzi. Dada yangu hatembei bila sindano, ni mtu wa nguo. Akaitoa kwenye kola ya blauzi yake na uzi wake. Mzee akashika ncha ya uzi, akaishusha sindano taratibu juu ya kile kitambaa cha Papa. Haikufika chini. Ilipinduka hewani, ikaelekeza ncha kwenye kitambaa, ikauvuta uzi ukakazika kama kamba ya mbuzi anayetaka kwenda kwa jirani.

“Miaka yote hiyo,” akasema, “na bado inavuta hivi.”

Akatueleza, akimtazama kitinda mimba zaidi ya mimi. Picha ndani ya kanda inashikwa na nguvu ileile iliyo ndani ya sumaku, ila ya kwenye kanda ni ndogo sana. Ukiilaza kubwa juu ya ndogo, kubwa inaifuta. Ndiyo maana Papa aliweka sumaku dirishani na kanda chini ya kitanda. Hakuwahi kuziweka chumba kimoja.

“Mimi sikujua hayo,” nikasema.

“Nilikwambia.”

“Hukuniambia.”

“Siku ya kunyoa, nikitoka. Nilikukuta kwa lango na hilo sanduku kichwani. Nikasema, mukhana, zile za spika weka mbali na kanda, zitakula picha.”

“Uwongo.”

“Alisema,” dada yangu akasema nyuma yangu. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Mimi nilikuwa nimebeba mtoto. Alisema, na wewe ukasonya ukageuza uso. Mimi sikuelewa ni picha gani zinaliwa. Nikafikiri anatutisha.”

Nilisimama pale na ufunguo mfukoni. Nilitafuta mahali pa kuweka ile hasira na sikupapata. Sita zile hakuna aliyeziiba wala kuzibadilisha. Nilizikusanya mimi ili zisiibiwe, nikazifunga kamba ili zisiguswe, na kila Januari nilipoangalia fundo langu nikaridhika, ndani zilikuwa zikifutwa.

Mzee alifungua koti lake. Nilikuwa nimejiuliza tangu aingie kwa nini amevaa koti na jua lile. Ndani alikuwa na kitu kilichofungwa kwenye gazeti na juu yake karatasi ya nailoni. Akampa kitinda mimba, si mimi.

“Hii nilishika kamera mimi,” akasema. “Zile zingine baba yenu alishika mwenyewe. Hii alitaka kuwa ndani na nyinyi, akaniita. Ndiyo maana alisema ni yangu. Ningeeleza siku ile, lakini dada yako alisimama kabla sijamaliza, na mimi sikuwa mtu wa kubishana na mtoto aliyefiwa.”

Nikakumbuka kwamba sikuwahi kujiuliza nani alishika kamera.

Mgeni aliitazama ile kanda pande zote, akaizungusha kidogo kwa kidole, akaiingiza. Kwanza kioo cha televisheni yetu ya zamani, na ndani yake kingine, na kingine. Ukingoni mkono wa Papa na sumaku, na picha yote ikaegemea upande wake. Kisha Mama akaingia, na beseni kiunoni, akaliweka chini. Alikuwa na gauni la maua. Mgongoni kulikuwa na mtoto. Akajiona kwenye kioo, akaanza kucheka, na Mama wote waliokuwa wamepangwa nyuma yake mpaka kwenye ule mwanga mdogo wakacheka pamoja naye, kila mmoja akichelewa kidogo.

“Toa hiyo kitu,” akamwambia Papa, “unanirefusha pua.”

Papa hakutoa. Pua ikarefuka. Mama akamfungua mtoto kutoka mgongoni, akamsogeza karibu na kioo. “Haya, jiangalie, jiangalie mwenyewe.” Mtoto akanyoosha mkono kugusa, na mikono mingi midogo ikanyooshwa kutoka ndani kuja kumpokea.

Pembeni, bila kuonekana, ikasikika sauti ya msichana ikisema, “Papa, mbona huyu mtu wa kamera anakuja kila Jumapili? Kwao hakuna chakula?”

Mzee fundi akacheka mpaka akakohoa. “Unasikia? Hata kabla ya kufiwa ulikuwa hivyo.”

Kitinda mimba hakucheka. Alikuwa bado amepiga magoti, kiganja chake kimelala kwenye kioo cha televisheni yangu, mahali ulipokuwa ule mkono mdogo. Kanda ilipokwisha alikaa vile vile. Kisha akasema, bila kugeuka, “Ana sauti nzito. Nilifikiri itakuwa nyembamba.”

Nilifungua mlango.

Mgeni alitoa nakala hapo hapo, akampa kila mmoja wetu, na mzee akapewa yake. Aliuliza aandike jina la nani chini ya picha hiyo atakapoionyesha. Nikasema, andika la Papa, na anza na la huyu mzee, ndiye aliyeshika kamera. Zile sita nazo aliziomba. Alisema hata chengachenga zina kitu cha kuwaonyesha wanafunzi wake, na lile bega pia. Nilimpa, na nukta zangu nyekundu juu yake. Kitambaa nilibaki nacho. Sumaku mzee alizichukua.

Kabla hawajaondoka nilimwomba mzee radhi. Nilipiga magoti kama binti kwa babaye, nikasema yote yanayosemwa. Aliniacha nimalize. Kisha akaniinua kwa kiwiko.

“Mimi sina kinyongo,” akasema. “Lakini hapa tuko watano. Siku ile ua ulikuwa umejaa. Hukuniita mwizi Kitale.”

Hakuniamuru kitu. Alikunywa chai yake ikaisha, akasifu tangawizi, akaenda.

Nilimwelewa. Jina nililomvisha nilimvisha Bungoma, nyumbani, uani kwetu, siku ya madeni kusemwa, na ni hapo linapovuliwa, mbele ya waliolisikia. Hakuna atakayeitisha kikao cha kunyoa kwa ajili yangu. Itanibidi nisubiri watu wakusanyike kwa jambo lao, kisha nisimame mwanamke wa umri huu na kusema nilikosea nikiwa na miaka kumi na sita, na kwamba nilikaa na kosa langu muda wote huo nikilipangusa vumbi.

Tangu hapo nimekwenda Bungoma mara mbili. Mara ya kwanza kulikuwa na mahari na watu walikuwa na furaha, nikasema leo sitawaharibia. Mara ya pili nilifika mpaka langoni, nikawasalimu, nikarudi.

Jana nimejaribu kuwahesabu waliokaa uani siku ile ambao bado wako hai. Nimewapata wanne: baba mdogo wa mwisho, jirani wa ng'ambo ya mto, yule mzee wa kanisa aliyekuja kuuliza habari za mizimu, na mke wa mjomba. Mzee wa kanisa hasikii vizuri tena. Itabidi niseme kwa sauti.